Kiko cha Daktari Brøndum

Hapa kwetu mtu hatimizi miaka sabini kimyakimya. Lazima watu waitwe, samaki wa siki waliwe, vijiglasi vya pombe kali viinuliwe, na lazima wimbo uimbwe. Si wimbo wa kanisani wala wa redioni. Ni wimbo uliotungwa kwa ajili ya mwenye siku yake, wa kumsifu kidogo na kumtania sana, kwa lahani ambayo kila mtu anaijua tangu shuleni. Unapigwa chapa, karatasi inaviringishwa na kufungwa utepe, kila mgeni anaikuta kando ya sahani yake, na ni mwiko kuifungua kabla mshereheshaji hajasema. Kisha wote wanaimba, mzima mzima, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwetu mtu anaweza kuacha kanisa, anaweza kuacha mke, lakini haachi wimbo katikati.

Katika mji wetu mtunzi ni mimi, Ebba Stensgaard, mjane wa Thorvald. Kazi yangu ilikuwa kwenye kiwanda cha tumbaku, chumba cha kufungia sigara, miaka thelathini na mmoja. Nyimbo zilikuwa za jioni. Nimewatungia maharusi, nimewatungia wastaafu, nimemtungia Laurits wa chumba cha kukatia tumbaku siku ng'ombe wake alipozaa mapacha. Watu huniogopa kidogo, na sijawahi kuwakataza.

Kwa hiyo sikushangaa Bibi Brøndum alipobisha mlangoni kwangu Septemba ya mwaka 1981. Mumewe, Daktari Aksel Brøndum, ndiye aliyekuwa daktari wa kiwanda tangu baada ya vita. Alitupiga picha za vifua kila mwaka, akatupima, akatutia moyo. Sasa alikuwa anatimiza sabini.

"Ebba mwenzangu, umesikia habari?" alisema, akiweka boksi la keki juu ya meza yangu ya jikoni. "Watu sitini, hotelini pale, chakula cha mchana. Na wimbo ni wako, usinikatalie."

"Nikukatalie na keki umeshaleta? Kaa, kahawa iko tayari. Sasa nipe vya kumchekea."

Ndivyo inavyokwenda. Mke hutoa siri ndogondogo, mtunzi huzitia vina. Kirstine Brøndum alikuwa mtu mwema, mcheshi, hana majivuno ya wake wa wakubwa. Alinisimulia jinsi mumewe anavyokoroma, jinsi anavyopotea njia kwenye mji aliozaliwa. Mimi niliandika. Kisha akaegemea meza, macho yakicheka.

"Nina moja tamu kuliko zote. Unakijua kile kiko chake?"

"Nani asiyekijua? Kimeota mdomoni."

"Basi ni kitupu! Hakijawahi kuwashwa tangu mwaka hamsini na saba."

"Acha masihara, Kirstine."

"Haki ya Mungu! Alisoma kwenye jarida la madaktari wa Kiingereza. Huko wamewahesabu madaktari wenzao, wanaovuta na wasiovuta, wakaona wanaovuta wanakufa kwa saratani ya mapafu kama nzi. Akarudi nyumbani siku hiyo amekuwa mweupe kama chaki. Akachukua sigara zake, na zangu pia, shoga, pakiti nzima, akazitia zote ndani ya jiko. Watoto wetu wakaambiwa, atakayegusa sigara si mtoto wangu."

Alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

"Lakini daktari wa kiwanda cha tumbaku asivute, si wangemfukuza? Ndiyo akawa anabeba kiko tu, cha maonyesho. Miaka yote hiyo! Kiweke kwenye wimbo, Ebba. Sasa amestaafu, hakuna wa kumfanya kitu."

Nilimmiminia kahawa. Nakumbuka haikumwagika hata tone. Nilimwambia, "Nitakiweka. Na mtacheka mpaka mshike mbavu." Akaniaga kwa kunikumbatia. Mlango ulipofungwa nilikaa kwenye kiti chake, bado kina joto. Hamsini na saba. Nilirudia tarakimu hiyo kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Sababu ni hii. Kila Ijumaa kiwanda kilimpa kila mfanyakazi pakiti tano za sigara bure. Tuliziita mgawo. Thorvald wangu alifanya kazi kwenye mashine za kukatia, naye alipata mgawo wake. Mimi sijavuta maisha yangu yote, moshi unanichefua. Basi mgawo wangu nilimpa yeye. Kila Ijumaa jioni nilizipanga pakiti zangu tano kando ya sahani yake, na kama tumegombana wiki hiyo nilizifunga utepe. Wanawake wengine huoka keki. Mapenzi yangu yalikuwa hayo.

Mwaka 1961 alianza kukohoa asubuhi mpaka anashika ukuta. Redioni nilikuwa nimesikia maneno. Siku ya kupigwa picha za kifua nilibaki nyuma, nikamwambia daktari:

"Daktari, Thorvald anakohoa vibaya. Wanasema sigara ndizo. Mgawo wangu nampa yeye. Niache?"

Alitoa kiko mdomoni. Nakiona mpaka leo, cha mti wa kahawia, kimeng'aa kwa kushikwa. Akacheka kidogo, akanipiga begani.

"Ebba, Ebba. Redio inasema mengi. Kikohozi cha asubuhi ni mapafu yanajisafisha. Mwanamume akinyimwa sigara nyumbani ataitafuta nje, na nje kuna mambo mengine. Mpe. Mpe kwa dhamana yangu."

Nikampa. Miaka tisa zaidi nikampa. Saratani ilipoonekana ilikuwa imeshaingia mifupani. Katika hospitali ya mkoa, daktari mmoja kijana aliniuliza mume wangu alikuwa anavuta ngapi kwa wiki. Nikasema, mgawo wake, na wangu. Aliandika bila kuinua macho. Tangu siku ile hakuna usiku niliolala bila kuitazama mikono yangu. Thorvald alikufa wiki tatu kabla ya kutimiza miaka hamsini. Wimbo wake wa miaka hamsini ulikuwa umeshakamilika, uko kwenye droo, na sijamwonyesha mtu.

Miaka kumi na mmoja nilijifariji kwa jambo moja tu: hata daktari hakujua. Zama zile nani alijua? Sote tulikuwa wajinga pamoja, na wajinga wakiwa wengi lawama haina pa kukaa. Sasa Kirstine alikuwa ameninyang'anya faraja hiyo kwa kicheko, juu ya meza yangu, na keki akaniachia.

Nilitaka kitu kimoja. Sikutaka aombe radhi, radhi haina kazi kwangu. Nilitaka aseme mbele ya watu kwamba alijua siku ile aliponiambia mpe. Akisema hivyo, mkono uliompa Thorvald sumu unakuwa wake. Asiposema, unabaki wangu mpaka nife.

Ningeweza kumfuata nyumbani kwake. Angenikaribisha, angetoa kiko, angenipiga begani. La. Mbele ya watu sitini hapigi mtu begani.

Nilitunga kwa siku tatu, na nawaambieni sijawahi kutunga vizuri hivyo. Hasira ina vina vyake. Niliwahesabu na wenzetu wa kiwandani tuliowazika kwa ugonjwa wa mapafu. Nikakumbuka pia kwamba wimbo wetu mzuri huwa na kichezeo, kitu cha wageni kushika wakati wa kibwagizo, bendera au kofia ya karatasi. Mimi ndani ya kila utepe nilipachika njiti moja ya kiberiti, na juu ya karatasi nikaandika: *Njiti juu kila tufikapo kibwagizo!* Kirstine alipokuja kuchukua boksi la karatasi aliuliza kama anaweza kuchungulia.

"Mwiko ni mwiko," nikamwambia. "Utaharibu."

"Kiko umekiweka?"

"Nimekiweka."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua la Oktoba likiingia madirishani. Nusu ya wageni walikuwa watu wa kiwandani, wazee tuliokuwa na vidole vya njano kwa tumbaku. Laurits aliketi mkabala wangu. Pafu moja walishamtoa, akawa anapumua kwa mluzi kama birika, lakini mfuko wake wa tumbaku ulikuwa mezani kando ya uma. Daktari Brøndum alikaa katikati ya meza kuu, nywele nyeupe, afya tele, mashavu mekundu, kiko mkononi. Sabini! Ungemdhania hamsini na tano.

Baada ya nyama ya nguruwe na viazi vilivyokaangwa kwa sukari, mshereheshaji, mpwa wa daktari, aligonga glasi.

"Mabibi na mabwana, kuna wimbo! Na mnajua umetoka kwa nani."

"Tumekwisha!" daktari alisema kwa sauti, akajifunika uso. "Ebba, nionee huruma!"

"Huruma nimeisahau nyumbani, Daktari," nikamjibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Tepe zikafunguliwa. Watu wakazionyeshana zile njiti, wakafurahi kama watoto. Kinanda kikaanza, na sauti sitini zikapanda:

*Sabini leo yatimu,*
*bwana kiko mdomoni,*
*mganga wetu muhimu,*
*furaha ya kiwandani.*
*Washa kiko, ewe bwana,*
*moshi wako tuuone!*

Njiti sitini zikapanda juu. Daktari naye, kwa ucheshi wake, akatia kiko mdomoni akavimbisha mashavu. Ubeti wa pili ulikuwa wa kuvua samaki: mtu aliyekesha ufukoni siku mbili akarudi nyumbani na kiatu kimoja, si chake, akamwambia mkewe akikaange. Huo ulikuwa mzaha bora kuliko yote niliyowahi kutunga. Daktari alicheka mpaka akashika tumbo. Nilitaka acheke hivyo hasa, mdomo wazi. Kisha wakageuza karatasi.

*Mwaka hamsini na saba*
*alisoma kitabuni;*
*sigara zake, si haba,*
*akazitia jikoni.*
*Washa kiko, ewe bwana,*
*moshi wako tuuone!*

Kirstine alipiga kofi kwa furaha, maana ilikuwa siri yake. Wengine walicheka bila kuelewa bado. Daktari aliacha kucheka. Nilikuwa simwondolei macho, na niliona kiko kinatoka mdomoni taratibu kikitafuta mahali pa kujificha.

*Wanawe aliwakanya*
*wasiguse hata moja;*
*nasi kwetu akafanya*
*kiko kitupu ni hoja.*
*Washa kiko, ewe bwana,*
*moshi wako tuuone!*

Hapo njiti zilipanda nusu tu. Watu waliokuwa na vidole vya njano walianza kusoma mbele kwa macho huku midomo ikiendelea, kwa kuwa mdomo wa mtu wa kwetu ukishaanza wimbo haujui kusimama. Mpiga kinanda alikuwa amewapa mgongo, haoni kitu, anapiga kwa nguvu zake zote. Mshereheshaji aliniangalia kama mtu aliyeona moto jikoni kwake. Lakini asimamishe wimbo wa miaka sabini? Angejificha wapi katika mji huu?

*Nilimjia na swali*
*kwa ajili ya mwenzangu;*
*akanambia, "Si kali,*
*mpe kwa dhamana yangu."*
*Washa kiko, ewe bwana,*
*moshi wako tuuone!*

Sauti zilikuwa zimeshuka zikawa kama za mazishini. Ya Laurits, pafu moja na mluzi wake, ndiyo iliyopanda. Na yangu.

*Wenzetu kumi na nane*
*wako chini ya majani;*
*simama leo tuone,*
*ulijua tangu lini?*

Kibwagizo cha mwisho hakuna aliyeinua njiti. Kinanda kikapiga noti zake za mwisho kwa mbwembwe, kikanyamaza.

Desturi inataka mwenye siku yake asimame ashukuru kwa wimbo. Desturi ilimwinua. Alisimama, mkono mmoja juu ya kitambaa cha meza.

"Nashukuru," alisema. "Ebba ana ulimi, sote tunajua. Na ana majonzi, nayo nayaheshimu. Lakini tuwe waungwana. Zama zile kila mtu alivuta. Sayansi ilikuwa haijathibitisha chochote. Ni makala tu, maneno ya Waingereza. Mtu mwenye busara hakuweza kusema, kwa hakika, kwamba..."

"Basi tumbaku haidhuru?" Laurits alisema.

"Laurits, rafiki yangu, si mahali pake."

"Nauliza tu, Daktari. Ulituambia pale kantini, kila Desemba, mtu anayekula vizuri hauawi na tumbaku. Nilikuwa nakula vizuri."

Laurits aliinuka. Ilimchukua muda. Akauchukua mfuko wake wa tumbaku, akazunguka meza akishika migongo ya viti, akakiokota kile kiko pale kilipokuwa kimewekwa nyuma ya shada la maua. Akakijaza. Alikijaza vizuri, kwa kidole gumba, kama mtu aliyekata tumbaku miaka arobaini. Akakiweka mbele ya daktari.

"Vuta moja, Daktari. Moja tu. Watu wamekuimbia."

Daktari hakukigusa. Alimgeukia mkewe, na sauti yake ikawa ya mtu anayetafuta mlango.

"Kirstine. Waambie waache upuuzi huu."

Kirstine Brøndum alikuwa bado anaisoma karatasi. Nilijua yuko wapi: ule ubeti wa tano. Sikuwa nimemwambia habari ya dhamana, naye hakuwahi kuijua. Kidole chake kilipita chini ya mistari ile minne, kikarudi mwanzo, kikapita tena. Kisha akachukua njiti iliyokuwa kwenye utepe wake, akavuta kiberiti kilichokuwa kando ya mishumaa, akaiwasha. Akaisogeza mbele ya kiko.

"Washa, Aksel," alisema. "Zangu ulizichoma."

Daktari alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. "Wewe pia?" alisema, na sasa alikuwa anapiga kelele, yule mtu mpole. "Mnataka nini? Mnataka kuniua?"

Njiti iliwaka mpaka ikafika kwenye vidole vya Kirstine, akaiachia juu ya sahani. Nilisimama.

"La, Daktari. Nilitaka kujua tu kama inaua."

Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe, lile la kuniua. Watu wa kiwandani walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyemtazama kwa jicho la miaka ya nyuma. Wa kwanza kuondoka alikuwa Laurits. Aliacha mfuko wake wa tumbaku palepale mezani, sijui kwa kusahau au kwa kusudi, na baada yake wakaondoka wawili wawili, bila kuaga. Keki ya aiskrimu ililetwa ukumbini kwa ajili ya watu kumi na wanne.

Kirstine alinikuta kwenye chumba cha kutundikia makoti.

"Ulinitumia," alisema. "Nilikuja kwako na keki, ukanitumia kama mwiko wa jikoni."

"Ndiyo," nikasema.

"Ungeniambia, Ebba. Ungeniambia jikoni kwako siku ileile. Ningemuuliza mwenyewe."

"Na angekujibu nini?"

Alinivisha koti, kwa kuwa ni mwanamke aliyelelewa vizuri, na hatujazungumza tena tangu siku hiyo. Wanahamia, nasikia, kwa mtoto wao mkubwa, yule ambaye hajagusa sigara maishani mwake.

Watu huniuliza kama najuta. Huuliza kwa upole, wakitumaini nitasema ndiyo, maana mzee alikuwa mzee na siku ilikuwa yake. Sijuti. Ningekuwa na sherehe yake nyingine kesho ningetunga mwingine, na njiti ningeweka mbilimbili. Kulala sasa nalala. Mikono yangu naiosha, naikausha, naiacha.

Ila usinielewe vibaya, kuna kitu kimoja. Ule ubeti wa pili, wa samaki na kiatu, sikumtungia daktari. Nilikuwa nataka acheke kwa moyo wote kabla sijampiga, na sikuwa na mzaha mwingine wa kutosha. Nikafungua droo, nikautoa kwenye wimbo wa miaka hamsini wa mume wangu. Ni Thorvald aliyekesha ufukoni siku mbili akaniletea kiatu. Wimbo wake sasa una shimo katikati, na kicheko chake alikicheka yule.